“Kuna” kwa Kijerumani: mwongozo wa kutumia “es gibt” bila kukosea

Ukiingia kwa mama ntilie saa saba mchana, swali lako ni moja: “Leo kuna nini?” Naye anajibu, “Kuna wali maharage, kuna ugali samaki, pilau imekwisha.” Mjerumani akiingia katika bwalo la chakula kazini kwake huuliza swali lilelile, *Was gibt es heute?*, na jibu hupita njia ileile: *Heute gibt es Linsensuppe*, leo kuna supu ya dengu.

Maneno hayo mawili, *es gibt*, utakutana nayo katika wiki za mwanzo za kujifunza Kijerumani na hutaachana nayo tena. Mwalimu huyaandika ubaoni, anasema maana yake ni “kuna”, kisha somo linaendelea. Mwalimu hajakosea, ila amesema nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo inayowasumbua watu darasani, kwenye mtihani, na baadaye hospitalini au kiwandani walikokwenda kujifunza kazi.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayejiandaa kwa mtihani wa A1 au A2 Dar es Salaam au Nairobi, na wako pia uliyekwishafika Ujerumani ukaona watu wanakukunjia uso kwa sentensi uliyodhani ni sahihi. Ninachotaka ushike ni hiki: Kiswahili chako kina kipimo kizuri cha kukuongoza, kwa sababu kinatofautisha “kuna kitabu” na “kitabu kipo”. Ukikisikiliza kwa makini kitakufikisha mbali, na hapa nitakuonyesha pia sehemu chache ambapo usikifuate.

Nani anatoa?

Tuanze na neno letu. “Kuna” ni *ku-* ya mahali na *-na* ya kuwa na kitu. Tunaposema “mtungini mna maji”, mtungi ndio wenye maji; “pale pana mti”, pale ndipo penye mti. Katika Kiswahili mahali ndipo kiima, na kitenzi kinapatana napo: pana, kuna, mna.

Kijerumani kimejenga kwa tofali jingine. *Gibt* inatokana na kitenzi *geben*, yaani kutoa au kumpa mtu kitu. Neno kwa neno, *es gibt* ni “inatoa”. Nani anatoa? Hatajwi. *Es* hapa haisimami badala ya mtu, kitu wala mahali. Imewekwa ili kitenzi kiwe na kiima. Kile ambacho sisi tunasema kipo, Mjerumani anakisema kama kitu kilichotolewa. Ukiikumbuka picha hiyo, kanuni mbili kubwa zitajieleza zenyewe.

Kanuni ya kwanza: kitenzi hubaki katika umoja siku zote, kwa sababu kiima chake ni *es*, nayo ni moja tu. *Es gibt ein Krankenhaus*, kuna hospitali. *Es gibt viele Krankenhäuser*, kuna hospitali nyingi. Usiseme *es geben* hata kama hospitali ni elfu. Wala usiseme *es gebt*: *geben* ni miongoni mwa vitenzi vinavyogeuza *e* kuwa *i* katika nafsi ya pili na ya tatu umoja, kama *sprechen* inavyokuwa *spricht* na *helfen* inavyokuwa *hilft*.

Kanuni ya pili: kitu kinachotolewa ni yambwa, kwa hiyo nomino inayofuata inakaa katika hali ambayo Wajerumani huiita *Akkusativ*. Usiogope jina hilo. Kwa nomino za kike, zisizo na jinsia na za wingi, hakuna kinachobadilika: *eine Apotheke*, *ein Problem*, *keine Fragen*. Mabadiliko yapo kwenye nomino za kiume peke yake: *ein* inakuwa *einen*, *kein* inakuwa *keinen*, *der* inakuwa *den*. Kwa hiyo kinachotakiwa kukaa kichwani ni orodha fupi ya nomino za kiume utakazozihitaji kila siku:

*der Arzt*, daktari: *Gibt es hier einen Arzt?*
*der Aufzug*, lifti: *Hier gibt es keinen Aufzug.*
*der Termin*, miadi: *Gibt es noch einen freien Termin?*
*der Grund*, sababu: *Es gibt einen Grund.*
*der Weg*, njia: *Es gibt keinen anderen Weg.*

Zisome kwa sauti hadi *einen* na *keinen* zije zenyewe. Sentensi ya tatu ina thamani ya pekee, kwa kuwa Ujerumani huduma nyingi za daktari na za ofisi za serikali hupatikana kwa miadi.

Angalizo moja dogo. *Es* inaweza pia kuwa kiwakilishi cha kweli. Mtoto, *das Kind*, hurejelewa kwa *es*. Ukisikia *Es gibt mir den Ball*, huenda mtu anasema mtoto ananipa mpira. Alama ya kukuongoza ni *mir*: akitajwa anayepewa, *geben* imerudi kwenye maana yake ya kupa.

Usiongeze irabu

Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na ulimi wetu hupenda kuwakaribisha wageni kwa desturi hiyo hiyo. *Gibt* hugeuka “gibiti”, na Mjerumani anabaki kusubiri. Fanya hivi: vuta *i* iwe ndefu, funga midomo kama unayetaka kutamka *p*, kisha piga *t* moja kwa moja bila kupumua katikati. Inasikika “giipt”. Ile *b* kweli imekuwa *p*, maana katika Kijerumani *b* iliyo mwishoni mwa silabi hukauka namna hiyo. Vivyo hivyo *gab* husikika “gaap”. Lakini ikifuatwa na irabu, *b* hurudi kuwa *b*, kama katika *geben*.

Katika mazungumzo *gibt es* hubanwa kuwa *gibt’s*: “giipts”. Utalisikia sokoni, kazini na kwenye basi. Katika barua rasmi na kwenye mtihani wa kuandika, liandike kwa ukamilifu.

“Es” haidondoki

Kosa lifuatalo ni letu hasa, na lina chimbuko linaloeleweka. Mswahili anasema “Hamburg kuna bandari kubwa”. Ile *ku-* imekwishabeba mahali, na sentensi imetimia. Akihamia Kijerumani anasema *In Hamburg gibt einen großen Hafen*, akiamini kwamba Hamburg ikishatajwa, *es* haina kazi tena.

Kumbuka kwamba *es* haikuwa mahali tangu mwanzo. Ni kiima, na kiima hakitupwi. Mahali pakitangulia, *es* inahamia nyuma ya kitenzi: *In Hamburg gibt es einen großen Hafen.* Katika swali nako inakaa nyuma: *Gibt es hier eine Toilette?* Katika kishazi tegemezi, *es* inatangulia na *gibt* inakwenda mwisho kabisa: *Ich weiß nicht, ob es hier eine Toilette gibt*, sijui kama hapa kuna choo. Maumbo ni hayo matatu, na *es* imo katika yote.

Ukitaka kulifanya jiji lenyewe kuwa kiima, tumia *haben*: *Hamburg hat einen großen Hafen*, Hamburg ina bandari kubwa. Hapo *es* haihitajiki, kwa kuwa kiima kipo.

“Hakuna” ina sura zaidi ya moja

“Hakuna” yetu hukanusha kila kitu kwa mkupuo. Kijerumani hukuuliza kwanza unakanusha nini.

Ukikanusha nomino isiyo bainishi, tumia *kein*: *Es gibt kein Wasser*, hakuna maji. *Es gibt keine Arbeit*, hakuna kazi. *Es gibt keinen Strom*, hakuna umeme. *Es gibt nicht Wasser* si Kijerumani, ijapokuwa utaeleweka.

Ukikanusha kitu mahususi ambacho nyote mnakijua, tumia *nicht*: *Den Laden gibt es nicht mehr*, duka lile halipo tena. Itazame *den* hapo mwanzoni: duka limetangulia sentensi, hata hivyo limebaki yambwa. Watu wengi wakiona nomino mwanzoni huipa *der* kwa haraka. Jizuie.

“Hakuna kitu” ni *es gibt nichts*: *Es gibt nichts zu essen*, hakuna cha kula. “Hakuna mtu”, ukiwa na maana kwamba chumbani hamna mtu, ni *Es ist niemand da*. Na ile “hakuna shida” yetu ya kila siku inatosha kuwa *Kein Problem*, bila kitenzi.

Wajerumani wana msemo utakaokusaidia kushika *kein* na wakati huohuo kukuandaa kwa Novemba yako ya kwanza: *Es gibt kein schlechtes Wetter, nur falsche Kleidung.* Hakuna hali ya hewa mbaya, kuna mavazi yasiyofaa tu.

Kuna kitabu, au kitabu kipo?

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. *Es gibt* inasema kwamba kitu kimo duniani, au kinapatikana mahali fulani kama sehemu ya maisha ya pale. Haitumiki sana kuonyesha kitu kilicho mbele ya macho, mahali padogo, sasa hivi.

Linganisha. *In dieser Stadt gibt es viele Studenten*: mji huu una wanafunzi wengi wa chuo kikuu, ndivyo ulivyo. *Im Hörsaal sind viele Studenten*: ukumbini mna wanafunzi wengi wakati huu, kesho huenda hawatakuwemo. Sisi tungesema “kuna” pote pawili. Mjerumani anachagua.

Kwa kitu kinachoonekana, Kijerumani hupenda hata kueleza kimekaaje. *Auf dem Tisch liegt ein Buch*, kitabu kimelala mezani. *Vor dem Haus steht ein Auto*, gari limesimama mbele ya nyumba. *Im Schrank hängt ein Mantel*, koti limening’inia kabatini. Ukisema *Es gibt ein Buch auf dem Tisch* watakuelewa, lakini sikio lao litajua kwamba wewe ni mgeni.

Mtu akigonga mlango, usiseme *Es gibt einen Mann an der Tür*. Sema *Da ist ein Mann an der Tür* au *Es ist jemand an der Tür*. Ukianza na mlango, ile *es* ya *ist* inaondoka: *An der Tür ist jemand.* Hapo ndipo *sein* inapotofautiana na *geben*. *Es* ya *es ist jemand* hudondoka neno jingine likishika nafasi ya kwanza. *Es* ya *es gibt* haidondoki kamwe.

Kipimo changu ni viambishi vyetu *-po*, *-ko* na *-mo*. Ukiona Kiswahili chako kinataka kusema “yupo”, “kiko” au “zimo”, jibu la Kijerumani mara nyingi ni *sein*. “Daktari yupo?” ni *Ist der Arzt da?* “Funguo ziko wapi?” ni *Wo sind die Schlüssel?* Umefika mapokezi ukataka kumwona Frau Schneider: sema *Ist Frau Schneider da?* Ukisema *Gibt es Frau Schneider?* umeuliza kama mtu huyo amewahi kuumbwa.

Kipimo hicho hushindwa mahali pamoja. Tunaposema “Mungu yupo” au “majini wapo”, hatusemi wamekaa wapi, tunasema kwamba wamo katika uhalisia. Hapo Mjerumani harudi kwenye *sein*, anatumia *es gibt*: *Gibt es Gott?*, Mungu yupo? Basi jiulize, swali ni la kuwapo duniani au la kuwapo hapa? La kuwapo duniani huchukua *es gibt*, la kuwapo hapa huchukua *sein*.

Na “penye nia pana njia”? Kijerumani kina methali ndugu yake: *Wo ein Wille ist, ist auch ein Weg.* Imetumia *ist* mara mbili. Methali zina njia zake za zamani. Ishike ilivyo.

“Kuna” isiyotafsirika

Sisi husema “kuna joto”, “kuna baridi”, “kuna giza”, “kuna kelele”. Kijerumani huzigeuza hali hizo kuwa sifa: *Es ist heiß. Es ist kalt. Es ist dunkel. Es ist laut.* “Kuna mvua”, ikiwa inanyesha, ni *Es regnet*. “Kuna jua” ni *Die Sonne scheint*. Ukianza na neno la wakati, *es* hii ya hali ya hewa inabaki kama ile ya *es gibt*: *Heute ist es kalt.*

Wewe unayekwenda kujifunza uuguzi, shika na hili. Kwa mgonjwa wetu tunauliza, “Kuna maumivu?” Kwa mgonjwa wa Kijerumani uliza *Haben Sie Schmerzen?*, una maumivu? Mwili ni wake, na maumivu ni yake. *Gibt es Schmerzen?* haitamfikia.

Jana, kesho, na “ingekuwa”

*Es gibt* hupita katika nyakati zote ambazo “kuna” hupita. Ziweke hivi:

kuna: *es gibt*
kulikuwa na: *es gab*
kumekuwa na, kumetokea: *es hat … gegeben*
kutakuwa na: *es wird … geben*
kungekuwa na: *es gäbe*
lazima kuwe na: *es muss … geben*

Kwa mambo yaliyopita, hata katika mazungumzo, *es gab* hutumika sana kwa sababu ni fupi: *Gestern gab es Streit*, jana kulikuwa na ugomvi. *Es hat gegeben* utaisikia pia, hasa jambo likiwa limetokea karibuni: *In der Nacht hat es einen Unfall gegeben*, usiku kumetokea ajali. Kwa kesho, wakati uliopo unatosha mara nyingi: *Morgen gibt es Regen.*

Historia ya Ujerumani yenyewe ni mahali pazuri pa kujifunzia nyakati hizi. *Bis 1990 gab es zwei deutsche Staaten*, hadi mwaka 1990 kulikuwa na dola mbili za Kijerumani. *Heute gibt es sechzehn Bundesländer*, leo kuna majimbo 16. *Die D-Mark gibt es seit 2002 nicht mehr*, sarafu ya Deutsche Mark haipo tena tangu 2002, yuro ilipoingia mifukoni mwa watu. Tazama sentensi ya mwisho: pesa ni ya zamani, lakini kitenzi kiko wakati uliopo, kwa sababu *seit* inaleta hali hiyo hadi leo. Kiswahili nacho kinasema “haipo tangu”, hivyo hapo umekwishakaribia nyumbani.

Misemo ya kuanza nayo leo

*Was gibt’s?* Kuna nini? Husemwa kwa mtu aliyekuita au aliyekujia.
*Was gibt es Neues?* Kuna jipya?
*Es gibt viel zu tun.* Kuna mengi ya kufanya.
*Gibt es noch Fragen?* Kuna maswali zaidi?
*Das gibt’s doch nicht!* Haiwezekani! Husemwa kwa mshangao, wa furaha au wa hasira.

Ukienda Uswisi au kusini-magharibi mwa Ujerumani, usishtuke kusikia *es hat* mahali pa *es gibt*: *Hat es noch Kaffee?*, kuna kahawa bado? Mswahili ana sababu ya kuipenda. “Kuna” yetu pia imejengwa juu ya kuwa na kitu, na msomaji wa Kongo au Burundi ataikumbuka *il y a* ya Kifaransa. Ifahamu uisikiapo. Kwenye mtihani andika *es gibt*.

Jipime

Funika majibu kwa mkono, tafsiri kwa sauti, kisha ulinganishe.

“Karibu na hapa kuna benki?” *Gibt es hier in der Nähe eine Bank?*
“Hapa hakuna lifti.” *Hier gibt es keinen Aufzug.*
“Mwalimu hayupo leo.” *Der Lehrer ist heute nicht da.*
“Kuna ufunguo mezani.” *Auf dem Tisch liegt ein Schlüssel.*
“Leo kuna baridi sana.” *Heute ist es sehr kalt.*
“Jana kulikuwa na mkutano.” *Gestern gab es eine Besprechung.*

Kama uliandika *gibt* katika ya tatu, ya nne au ya tano, rudi kwenye sehemu inayohusika kabla ya kuendelea. Kama *keinen* ilikuponyoka katika ya pili, isome upya ile orodha ya nomino za kiume kesho asubuhi na keshokutwa.

Halafu lifanye zoezi ambalo mimi naliamini kuliko yote. Chukua karatasi uandike kwa Kijerumani kuhusu mtaa uliokulia. Sentensi tano za vilivyopo: *In meiner Straße gibt es eine Schule.* Sentensi tano za visivyokuwapo: *Es gibt keinen Park.* Tano za vilivyokuwapo zamani: *Früher gab es einen großen Mangobaum.* Na tano za unavyotarajia vitakuwapo: *Bald wird es eine neue Straße geben.* Zikifika ishirini, msomee mtu kwa sauti, ukihakikisha “giipt” haijawa “gibiti”. Mtaa huo unaujua kwa moyo, kwa hiyo hutahangaika kutafuta la kusema. Akili yako yote itabaki kwenye namna ya kulisema. Rudia baada ya wiki moja kwa mtaa mwingine, na siku utakayofika Ujerumani, anza na mtaa utakaokaa.